Nyuzi 62, lakini chumbani kulikuwa na ngapi?

Mteja mmoja alikuja karakana kwangu Kariakoo akijisifu kwamba mfumo wake wa kupoza kwa maji unaiweka prosesa ya kompyuta yake kwenye nyuzi 62. Nikamuuliza chumbani kuna nyuzi ngapi. Kumbe anafanyia kazi kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20! Kwangu kiyoyozi sina, na siku ile kipimajoto kilisoma 32. Tukaipima palepale: 74. Jamaa akataka kukata tamaa, lakini 62 toa 20 ni 42, na 74 toa 32 ni 42. Mfumo haujabadilika hata kidogo. Kwa hiyo mimi huandika hiyo tofauti, na joto la hewa nalipima mdomoni mwa feni za rejeta (sehemu inayotoa joto la maji kwenda hewani), si ukutani.

Halafu kuna haraka ya kupima. Lita moja ya maji hula jouli 4,186 hivi kupanda nyuzi moja tu. Prosesa ya wati 200, hata rejeta isipotoa joto lolote, itahitaji dakika tatu na nusu kuipandisha lita hiyo nyuzi 10. Niliwahi kumsifia mtu mfumo wake baada ya jaribio la dakika tano. Alipoanza kurenda video saa nzima nyumbani, feni zikalia kama mashine ya kusaga. Niliona aibu. Siku hizi nawasha Prime95, programu ya kuibana prosesa ifanye kazi kwa nguvu zote, nafunga spidi ya feni na pampu, naangalia wati zisiyumbe, kisha nasubiri mpaka joto la maji litulie. Nusu saa si ajabu.

Joto la maji, hilo ndilo watu wengi hawalipimi, na ndilo linalosema ugonjwa uko wapi. Maji yakiizidi sana hewa, kagua rejeta: vumbi, feni. Prosesa ikiyazidi sana maji, kagua bloku (kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa, maji yakipita ndani yake) na pesti inayopakwa kati yao. Pampu usiikimbilie: kwa wati 200, hata ikisukuma lita moja tu kwa dakika, maji yanatoka kwenye bloku yamepanda nyuzi zisizofika 3.

Ya yule mteja, maji yalikuwa nyuzi 11 juu ya hewa, prosesa 31 juu ya maji. Nikafungua bloku. Pesti ilikuwa imekandamizwa upande mmoja, upande wa pili imebaki nene kama siagi kwenye mkate: skrubu mbili hazikukazwa. Nikasafisha, nikapaka upya, nikakaza kwa mshazari. Wati zilezile, maji yakabaki 11. Prosesa ikashuka hadi 22 juu ya maji.