Je, wajua kwa nini bunduki nyepesi ya kuwinda inakosa shabaha kirahisi kuliko nzito?

Chukua bunduki mbili za bolti, zile ambazo ukishapiga risasi moja lazima uvute bolti kwa mkono ndo upige nyingine. Kaliba ileile, yaani saizi ileile ya risasi, risasi za boksi moja, mitutu imechongwa na kiwanda kimoja, na mpigaji ni wewe mwenyewe. Moja ina kilo 4, nyingine kilo 2.7. Unapiga karatasi mita 100, ile nzito inaweka matundu matatu karibu yanagusana, ile nyepesi inatawanya kama mtu anayewatupia kuku mtama. Hapo lazima useme nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mi nilisema hivyohivyo. Nilikaa wiki kama mbili nalaumu mtutu, nalaumu darubini, nalaumu risasi, kumbe kasoro kubwa ilikuwa nyuma ya kitako, yaani mimi. Kasoro ndogo ilikuwepo pia kwenye bunduki, nitaisema huko mbele, ila tuanze na ile kubwa maana ndo inayowapoteza wengi.

Watu wengi wanaamini bunduki inapiga teke risasi ikishatoka mdomoni. Siyo kweli. Teke linaanza sekunde ileile risasi inapoanza kusogea, coz kile kinachoisukuma risasi mbele ndo hichohicho kinachoisukuma bunduki nyuma, hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton ya shule ya sekondari wala haina uchawi. Tuseme kaliba .308, risasi ya gramu 9.7, baruti gramu 3 hivi, na risasi inasafiri kama nusu mita ndani ya mtutu. Safari hiyo inachukua milisekunde moja na kitu. Ukipiga hesabu ya uzito kwa uzito utakuta bunduki ya kilo 2.7 imesharudi nyuma kama milimita 2 kabla risasi haijatoka, ile ya kilo 4 imerudi kama milimita 1.4.

Utasema milimita 2 ni nini bwana. Ingekuwa si kitu kama bunduki ingerudi nyuma moja kwa moja kama droo ya meza. Lakini angalia bunduki yoyote ya kuwinda kwa ubavu, mtutu uko juu, bega lako liko chini kidogo ya msitari wa mtutu, kwa hiyo nguvu ikirudi inaikunja bunduki, mdomo unainuka na kuyumba kidogo wakati risasi bado iko njiani. Na pembe ndogo sana inatosha kuharibu mambo. Walenga shabaha wanapima kwa dakika ya pembe, ambayo ni digrii moja ukiigawa mara 60, na hicho kijipande kwenye mita 100 ni sentimita 2.9. Mdomo ukipinda dakika mbili tu, hiyo ni karibu sentimita 6 kwenye karatasi.

Sasa hapa ndo penye siri yenyewe. Bunduki kuinuka siyo tatizo. Ingeinuka kila mara kwa kiasi kilekile ungerekebisha darubini mara moja na mambo yakaisha. Tatizo ni kwamba kiasi inachoinuka kinategemea umeishikaje. Kitako umekibana begani au kimelegea, shavu umelilaza au umeligusisha tu, mkono wa mbele unavuta chini au umeacha ikae yenyewe kwenye kifuko cha mchanga. Bunduki nzito ni mvivu, hayo yote inayapuuza kwa hiyo milisekunde moja. Nyepesi haipuuzi kitu. Risasi ya kwanza umeibana, ya pili umelegeza, basi umepiga na bunduki mbili tofauti na wewe hujui.

Triga nayo ni hivyohivyo. Triga nyingi za kuwinda zinahitaji nguvu ya kilo moja mpaka moja na nusu hivi. Kwenye bunduki ya kilo 2.7 hiyo kilo na nusu ni zaidi ya nusu ya uzito wa bunduki nzima, yaani kidole chako kina nguvu ya kuisogeza kabla hata haijalia. Ndo maana watu wakipata bunduki nyepesi kitu cha kwanza wanachohangaika nacho ni triga laini inayokatika safi, na wako sahihi, mi naona hilo linasaidia kuliko kubadilisha mtutu.

Halafu kuna teke lenyewe na woga wake. Kwa hiyo .308 niliyotaja, bunduki ya kilo 4 inakuja begani na nishati ya joule 18 hivi, ya kilo 2.7 inakuja na kama 27. Imeongezeka kwa nusu, na inakuja kwa kasi zaidi, kama ngumi ya mtu mwepesi anayejua kupiga. Mwili hausahau. Risasi ya tano au ya sita jicho linaanza kufumba kabla ya mlio, bega linasukuma mbele kuiwahi, na wewe mwenyewe utaapa kwamba hujafanya hivyo. Njia ya kujikamata ni rahisi sana, mwambie mwenzako akupakilie, mara aweke risasi ya kweli, mara aweke ya mazoezi isiyo na baruti, bila kukwambia. Ukifika kwenye ile isiyolia utaona mdomo wa bunduki unazama chini kama unachota maji. Nilivyojiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaona aibu.

Hapo ndo utashangaa mtu ananunua bunduki ya kilo 2.3 halafu anachagua .300 Winchester Magnum, kaliba iliyokuja 1963 ambayo hata kwenye bunduki nzito ni kelele na maumivu. Kiukweli bunduki nyepesi inataka kaliba ya wastani, kama .243, 7mm-08, 6.5 Creedmoor, hata hiyo .308 ni karibu na ukingo. Wengine wanafunga breki ya mdomoni, ile yenye matundu ya kutolea gesi pembeni, na kweli teke linapungua sana, ila mlio unarudi usoni kwako na kwa aliyekaa pembeni, na mlio wa bunduki hata bila breki tayari unazidi desibeli 150, kiasi cha kuharibu sikio kwa risasi moja. Kinga ya masikio siyo hiari.

Na darubini jamani. Bunduki nyepesi ikirudi inarudi haraka, na kama umebandika jicho karibu na kioo, chuma cha darubini kinakuachia alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi. Nimeona watu wazima wakiwa na hiyo alama na wote wanasema waliteleza.

Sasa twende kwenye bunduki yenyewe, maana siyo kila kosa ni la mpigaji.

Ili kupunguza uzito kiwanda kinakata wapi? Sehemu kubwa ni mtutu. Wanauchonga mwembamba, wanaufupisha, wengine wanachimba mifereji kwa nje, wengine wanachukua mtutu mwembamba wa chuma na kuufunga nyuzi za kaboni. Wembamba una gharama yake, ugumu wa fimbo ya duara unapanda na kushuka kwa kipenyo kipeo cha nne, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo, kwa hiyo ukipunguza unene kwa asilimia 10 tu umepoteza karibu theluthi ya ugumu. Mtutu unakuwa kama ufito, risasi ikipita unatetemeka zaidi. Ndo maana kuufupisha ni akili kuliko kuuchonga kupita kiasi, mtutu mfupi ni mgumu hata ukiwa mwembamba, ingawa unapoteza kasi kidogo ya risasi.

Halafu joto. Baruti inaungua kwa zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na mtutu mwembamba hauna nyama ya kulibeba hilo joto. Risasi kadhaa za haraka ukiugusa unatoa mkono. Chuma kikipata joto kinatanuka, na kama ndani yake kuna mvutano uliobaki tangu kiwandani kinapinda kidogo upande mmoja, basi matundu yanaanza kutembea kwenye karatasi, la nne liko juu kidogo, la tano juu zaidi na kulia. Sasa hiyo ndo kasoro ndogo ya bunduki yangu niliyosema. Ila kwangu haikuwa mtutu kupinda. Plastiki ya mbele, pale unaposhika kwa mkono wa kushoto, ilikuwa laini mno, nikiiweka kwenye kifuko cha mchanga inajikunja na kugusa mtutu upande mmoja. Niliipima kwa noti, unapitisha noti kati ya mtutu na plastiki kuanzia mdomoni kurudi nyuma, ikikwama ujue panagusa. Kwangu ilipita vizuri bunduki ikiwa mikononi, nilivyoilaza kwenye kifuko na kuikandamiza ikakwama. Nikapiga msasa nusu saa, nikakaza skrubu mbili za chini zinazoshika chuma kwenye kitako, moja ilikuwa imelegea kabisa, na zile risasi zinazotembea zikaacha kutembea.

Skrubu! Mtu atatumia hela kununua aina sita za risasi kabla hajagusa bisibisi.

Kuna wengine walichukua njia ya kinyume kabisa. Kule West Virginia, Marekani, Melvin Forbes alianza miaka ya 1980 kutengeneza bunduki za bolti za karibu kilo 2.3 ambazo kitako chake ni cha nyuzi za Kevlar (zile za fulana za kuzuia risasi) na kaboni, kigumu kuliko mbao, na badala ya kuuacha mtutu uelee hewani kama wengi wanavyofanya, aliulaza wote ndani ya kitako uguse mwanzo mpaka mwisho, kitako kiwe ndo kinautuliza mtutu mwembamba usitetemeke ovyo. Bunduki zake zikapata sifa ya kupiga vizuri. Mi hiyo naiona kama ushahidi kwamba wepesi peke yake hauharibu shabaha, kinachoharibu ni kupunguza uzito pale palipotakiwa pawe pagumu.

Na wala wazo la bunduki nyepesi siyo la jana. Kampuni ya Winchester ya Marekani walitoa bunduki ya bolti ya Model 70 mwaka 1936, na kufika 1952 wakaleta toleo lake jepesi la Featherweight, kwa sababu wawindaji wa milimani walishachoka kubeba chuma. Mwandishi wa uwindaji Jack O'Connor, aliyeipenda kaliba ya .270 mpaka watu wakaihusisha na jina lake, alikuwa mtu wa kuwinda kondoo mwitu wa milimani kwa bunduki nyepesi. Hilo ndo jibu la anayeuliza kama nyepesi ni kero hivi watu wanainunua ya nini. Unaibeba siku nzima, unaipiga mara moja, pengine hata hiyo mara moja haipo. Ukipanda mlima kwa muda wa saa sita halafu mnyama akatokea, mwenye kilo 5 na darubini begani anahema kuliko mwenye kilo 3, na mtu anayehema hana shabaha hata umpe bunduki ya mashindano.

Tena hapo kuna kosa lingine la kupima. Mtu anapiga risasi tatu, anakuta matundu yako ndani ya sentimita 2.5, anapiga picha, anasema bunduki yangu ndo hii. Risasi tatu ni bahati tupu. Kwa hesabu ya kawaida ya matawanyiko, bunduki ileile ukipiga tano mtawanyiko unakua kwa kama robo zaidi, ukipiga kumi unazidi ule wa tatu kwa zaidi ya nusu, hapo hakuna kilichoharibika wala kuchoka. Kwa hiyo anayesema yake inapiga sentimita 2.5 kwa risasi tatu na anayesema yake inapiga 4 kwa risasi kumi, inawezekana kabisa wana bunduki sawasawa.

Kinachosaidia kwenye nyepesi ni kuishika, siyo kuiachia. Zile bunduki nzito za mashindano unailaza kwenye mifuko na kuigusa kidogo tu, nyepesi ukiifanyia hivyo inaruka kama panzi. Shika mbele kwa mkono, ivute chini na nyuma kidogo, kitako kikae begani palepale kila mara, shavu palepale. Mtutu wenyewe usiulaze juu ya kitu kigumu kamwe. Piga mbili au tatu halafu fungua bolti uiache ipoe, nenda kanywe maji. Nyumbani unaweza kufyatua kavu, yaani kuvuta triga bila risasi, bolti imefungwa chemba ikiwa tupu umeiangalia mara mbili na risasi ziko chumba kingine, bunduki nyingi za kisasa za aina hii hazidhuriki, ila soma kitabu chake kwanza.

Kipimo ninachokiamini mimi siku hizi ni kimoja. Karatasi moja, siku kumi tofauti, kila siku risasi moja tu mtutu ukiwa baridi, kwa sababu windoni mtutu ni baridi na risasi ni moja. Yangu ninayo hapa, matundu kumi kwa mita 100. Tisa unayafunika kwa kiganja. La kumi liko chini kushoto peke yake, na nalijua vizuri, siku hiyo nilisahau kinga ya masikio kwenye begi nikasema aah, ni moja tu.