Moshi ni kuni ambazo hazijaungua

Kazi yangu ni kujenga na kurekebisha majiko ya kuni. Nikiitwa kwa sababu jiko linafuka moshi, kabla sijaligusa naomba kwanza kuonyeshwa kuni. Nusu ya lawama huhamia huko.

Ukuni ukipata joto hutoa maji kwanza. Ukifika nyuzi 200 hivi za Selsiasi huanza kutoa gesi, na hizo gesi ndizo zinazowaka na kufanya ndimi za moto. Kinachobaki nyuma ni makaa. Zaidi ya nusu ya joto la kuni limo kwenye gesi hizo. Zikikosa hewa, au zikikutana na ubaridi kabla hazijashika moto vizuri, hupanda zilivyo. Ndio huo moshi unaokuliza machozi.

Sasa fikiria kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kunakula joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyatoa nyuzi 20 hadi 100. Moto unafanya kazi ya kukausha, chakula kinasubiri. Mimi nataka maji yawe chini ya asilimia 20. Kama una kipimo cha unyevu, pasua gongo na upime ndani, kwani ganda la nje hudanganya. Kama huna, gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Chanja kuni, zipange juu ya kitu zisiguse ardhi, funika juu tu na uache upepo upite ubavuni.

Upande wa jiko, kosa langu la mwanzo lilikuwa kuta nene za udongo mzito. Niliamini zinatunza joto. Kumbe zilikuwa zinalinyonya! Moto ulipoa kila ulipoanza kunoga. Miaka ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski alibuni jiko la roketi, ambalo chumba chake cha moto kimezungushiwa kitu chepesi kisichopitisha joto, kwa mfano majivu. Gesi hubaki kwenye joto kali na huungua kabla hazijafika kwenye sufuria. Nilipoujaribu mpango huo, sikurudi tena kwenye kuta zangu.

Hewa nayo ipite chini ya kuni, kwa hiyo usizishindilie mlangoni. Sukuma vipande vyembamba kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua.

Wenye majiko yenye bomba la kutolea moshi wana tabia moja inayoniudhi: kujaza magogo usiku na kubana hewa ili moto udumu hadi asubuhi. Moto wa namna hiyo hauwaki, unafukuta. Lami hujipaka ndani ya bomba na siku moja inaweza kushika moto, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inaweza kuvuja chumbani mkiwa mmelala. Afadhali moto mdogo unaowaka kwa nguvu, kisha uuache uzime.