Eti Romney alinunua useneta? Yanayosemwa vijiweni na yalivyokuwa

Hapa Tanga uchaguzi ukikaribia tu, baraza za Ngamiani zinajaa habari za mabosi, huyu ana malori, yule ana shamba la mkonge, wote wanautaka ubunge, na hapohapo hakosi mmoja wa kusema "mbona Romney kule Marekani kanunua useneta kwa hela zake". Jamani. Mitt Romney, mwanasiasa wa chama cha Republican aliyekuja kuwa seneta wa Utah (yaani mbunge wa baraza la juu la Bunge la Marekani), ni mfano mbovu kabisa wa hiyo hoja, ukimfuatilia vizuri utaona hela yake imeangukia pua mara nyingi kuliko ilivyomfikisha.

Hela anazo, hilo hatubishani. Ni mmoja wa waanzilishi wa Bain Capital, 1984, kampuni ya kuwekeza kwenye makampuni ya watu, na alipogombea urais 2012 watu wake wenyewe walikadiria ana kati ya dola milioni 190 na 250. Sasa hesabu na mimi: 1994 alitaka useneta Massachusetts, akakutana na Ted Kennedy, akabwagwa asilimia 58 kwa 41 hivi. 2008 akautaka urais, akatoa mfukoni mwake zaidi ya dola milioni 40, na hata uteuzi wa chama hakuupata, ukaenda kwa John McCain. 2012 uteuzi kaupata, Obama akamshinda kwa kura za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, 332 kwa 206. Sasa hapo kanunua nini? Muuzaji gani anakula hela yako na mzigo hakupi?

Halafu kuna wanaodhani seneta anateuliwa na rais kama wale wabunge wetu 10. Sio hivyo, tangu 1913 katiba yao ilivyorekebishwa seneta anapigiwa kura na wananchi wa jimbo zima, kila jimbo wawili, jumla 100, miaka sita sita. Kiti kikibaki wazi katikati majimbo mengi yanamruhusu gavana aweke mtu wa muda, rais hahusiki. Na msichanganye na Seneti ya jirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro, kule Kenya 47 wanachaguliwa na kaunti, waliobaki wanaingia kwa orodha za vyama.

Lingine ni hili la "sio mtu wa pale". Kweli kazaliwa Michigan, kawa gavana Massachusetts, useneta kaupata Utah, kwa macho ya kwetu huyo mgeni kavamia jimbo la watu. Lakini sheria yao inataka tu uwe mkazi wa jimbo siku unayochaguliwa, umri angalau miaka 30 na uraia usiopungua miaka 9, basi. Tena Utah walikuwa wanamjua sana, ndiye aliyesimamia Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City 2002, na ni Mmormoni mwenzao, dhehebu lenye waumini wengi huko. Na bado wajumbe wa chama walimtoa jasho, mkutano wa Aprili 2018 kura nyingi zilienda kwa Mike Kennedy (Kennedy mwingine huyo, sio wale wa Massachusetts), mpaka Juni wapiga kura wa kawaida wa chama walipompitisha agombee kwa zaidi ya asilimia 70. Hapo wajumbe wetu mtaelewa.

"Bosi hajali wanyonge" nayo nusu nusu. Akiwa gavana alisaini 2006 sheria ya kutaka karibu kila mtu Massachusetts awe na bima ya afya, ile ya Obama ya 2010 ikafanana nayo sana, na mwaka 2012 mwenyewe akazunguka kuipinga ya Obama. Hapo simtetei, mwenye macho haambiwi tazama.

Ila inayonikera zaidi ni ile ya kwamba tajiri akifika juu anafuata upepo wa chama ili alinde mali. Tarehe 5 Februari 2020 Seneti ilipiga kura kuamua kama imwondoe Rais Trump madarakani, Romney akawa seneta wa kwanza katika historia yao kumkuta na hatia rais wa chama chake mwenyewe. Wengi wanasema alimtia hatiani kwa yote, hapana, mashtaka yalikuwa mawili, la matumizi mabaya ya madaraka akasema ana hatia, la kulizuia Bunge kufanya kazi yake akasema hana. 2021 kesi ya pili ya Trump akapiga tena kura ya hatia, safari hii Warepublican wenzake sita wakiwa naye. Kura zote mbili hazikutosha, inatakiwa theluthi mbili. Huko Utah wenzake wa chama wakamzomea mkutanoni, na azimio la kumkemea likashindwa kwa tofauti ndogo tu.

Na hakung'olewa kwenye kiti kama inavyosemwa. Septemba 2023 alitangaza mwenyewe hagombei tena, akaondoka Januari 2025, na aliyemrithi ni John Curtis, ambaye naye kabla ya siasa alikuwa mtu wa biashara.