Kupika pwani msimu wa kaskazi: kazi iishie nyumbani

Kaskazi ikishika na shule zikifungwa, Mombasa yote huelekea baharini. Kuanzia Jamhuri, tarehe 12 Desemba, mpaka Mwaka Mpya, ukipita Pirates au Shelly utakuta mikeka imetandikwa, watoto wako majini, na mama mmoja ameinamia jiko toka asubuhi, hata miguu hajaitia majini. Huyo mama ndiye ninayemwandikia. Mimi ni mpishi wa shughuli, na nina moja kubwa la kumwambia: chakula cha nje hupikwa usiku wa kuamkia, jikoni kwako, penye maji ya mfereji na kisu kizuri. Pwani unakwenda kumalizia tu.

Nianze na mishkaki, maana hapo ndipo watu hupoteza nyama nzuri. Kilo moja ya steki isiyo na mfupa ikate vipande vidogo, upana kama wa kidole gumba. Usiku itie tangawizi na thomu vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari ya pilau kidogo, pilipili mbichi kwa kadiri ya walaji wako, ukwaju mzito vijiko viwili na mafuta kidogo. Funika, weka kwenye friji. Papai bichi usilitie bado! Papai lina kimeng'enya kinachoitwa papaini, nacho kazi yake ni kuvunja nyuzi za nyama. Ukiliacha humo usiku kucha, nyama hulainika ikapitiliza: ukiichoma kijiti inachanika, na mdomoni huwa ungaunga, haina utamu wa kutafuna. Kijiko kimoja cha kulia cha papai lililosagwa pamoja na ganda lake kinatosha kilo nzima, na ukitie asubuhi, zikiwa zimebaki saa mbili au tatu kabla ya kuchoma. Chumvi nayo itie wakati huo huo. Papaini huzidi nguvu nyama inapopata moto, kwa hiyo hata ikiwa jikoni bado inaendelea kulainika. Kama vijiti vyako ni vya mti, viloweke nusu saa visiungue. Tunga vipande vikaribiane bila kubanana, na kila baada ya vipande vitatu vinne tia kimoja cha mafuta.

Kuku simpeleki mbichi pwani. Kwenye moto wa upepo huungua nje huku mfupani bado ana damu. Kama watoto wanamlilia, mpike nyumbani aive kabisa, apoe, akae kwenye barafu, kisha pwani umpashe mpaka ndani pawe moto sana.

Samaki ndiye wa kupika hapo hapo. Chukua changu wa kukadiria sahani, mparue magamba, mchanje mbavuni mara tatu kila upande, umsugue thomu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu. Ndimu isimkalie kwa saa nyingi, itampika kabla ya moto. Wavu uwe wa moto kwanza, kisha uupake mafuta, ndipo umlaze. Halafu muache. Samaki anayekwaruzwa kila dakika hubaki nusu wavuni. Akishakauka upande mmoja atabanduka mwenyewe.

Mchuzi wa kumpaka unatokana na nazi mbili kubwa. Zikune, ukamue tui la kwanza kwa kikombe na nusu cha maji ya vuguvugu, utie thomu, pilipili mbichi za kutwanga, manjano kidogo na chumvi. Bandika moto wa wastani bila kifuniko, na usiondoe mwiko mpaka lichemke, la sivyo tui litakatika. Endelea kupika mpaka lishike mgongo wa kijiko, epua, ndipo utie ndimu. Huu ndio mchuzi watu wengi huuharibu njiani. Tui halivumilii joto la hewa, na siku hizi za kaskazi nyuzi 30 tunazipita mapema. Mimi humimina mchuzi ukiwa bado unachemka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyokwisha kusuuzwa kwa maji moto, nikaufunga. Ukifika pwani bado unafuka moshi. Chakula huharibika upesi kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60; katika joto hilo kisikae zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likipita nyuzi 32, saa moja. Kwa hiyo kila kitu kiwe cha moto kweli au cha baridi kweli. Samaki akikaribia kuiva, mpake upande mmoja, mgeuze, mpake wa pili, rudia mpaka rangi ikolee.

Kuhusu barafu, juisi ya ukwaju igandishe kwenye chupa usiku ule ule, usizijaze hadi juu zisipasuke. Zipange chini ya boksi, samaki na nyama juu yake katika vyombo vilivyofungwa vizuri. Mchana zitakuwa zimeyeyuka, tayari kwa kunywa.

Mihogo na mahindi havitaki maandalizi. Nunua mihogo siku hiyo hiyo Kongowea au Marikiti. Ukikata ukaona mistari myeusi ndani, huo umekaa, uache. Uchome uive mpaka katikati, upasue, utie chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Kachumbari: vitunguu vikamue kwa chumvi na uvioshe nyumbani, nyanya uzikatie pale pale mnapokula.

Sasa moto, ambao nausisitiza kuliko mapishi yote. Mlango wa jiko usiuelekeze unakotoka upepo, makaa yatawaka kwa pupa na kuisha kabla ya samaki. Mafuta ya taa usitie, ladha yake haitoki. Subiri makaa yavae jivu jeupe, uyasogeze upande mmoja, ule mwingine uwe wa kuwekea vilivyoiva. Na mkimaliza, tafadhali, msifukie makaa mchangani. Mchanga hauyazimi upesi. Huyaficha tu, yakabaki na moto kwa saa nyingi, na mtoto anayekuja mbio kutoka majini haoni kitu. Nimeona nyayo zilizoungua hivyo, na sitaki kuona tena. Yamwagie maji ya bahari jikoni humo humo, koroga, mwaga tena mpaka yasilie wala kutoa mvuke, kisha yatie kwenye debe urudi nayo nyumbani.