Nipimie tu, fundi

Hakuna kauli inayonichosha gereji kama hii: "Nipimie tu, fundi, kukiwa na kitu cha kubadilisha tutaongea." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Kwake kazi ni spana: kufungua, kufunga, kutoka jasho. Kuinama nusu saa na tochi kichwani nikifuata waya mmoja kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta ya gari, huko ni kuangalia, na kuangalia nani alipie? Ugomvi mwingi kati ya mafundi na wenye magari hapa Dar unaanzia hapo, kwa hiyo nitaeleza tunafanya nini tunapopima.

Nianze na mashine, maana ndiyo iliyowaaminisha watu kwamba kupima ni kuchomeka na kuchomoa. Marekani ilitaka magari madogo yote ya kuanzia mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kujisomea hitilafu, OBD-II, na nchi nyingine zikafuata kwa taratibu zao. Kile kitundu cha pini 16 chini ya usukani wa IST yako au Forester ya jirani kimetokana na habari hiyo. Siku hizi hata mwenye gari ana kifaa chake kidogo cha bluetooth, anasoma kwenye simu. Inatoka namba ya hitilafu, P0171. Anaingia mtandaoni, anakuta mtu kaandika "sensa ya oksijeni", anapita maduka ya spea ya Gerezani kununua, anakuja nayo mkononi: "Nifungie hii tu."

P0171 haijasema sensa imekufa. Imesema kompyuta inaona mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Petroli huungua vizuri ikipata hewa karibu mara 14.7 ya uzito wake. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi inapima kilichobaki baada ya kuungua, na kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kufuatana na jibu. Ikiongeza mpaka ikagota kwenye kikomo chake, inaandika namba na kuwasha taa. Kubadilisha sensa hapo bila kutafuta zaidi ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga filimbi mwizi alipoingia.

Hewa hiyo ya ziada imetoka wapi? Mpira wa hewa unaweza kuwa umepasuka kule chini kwenye mikunjo, usipouvuta huoni. Sensa ya hewa inaweza kuwa imejaa vumbi. Pampu ya mafuta imechoka, nozeli zimeziba, gasketi ya manifoldi inapitisha, eksozi imetoboka kabla ya kufika kwenye sensa. Namba ni moja, njia ni nyingi. Ninachofanya ni kuangalia kiasi ambacho kompyuta inaongeza mafuta gari likiwa linanguruma taratibu, kisha nakanyaga hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika na kuangalia tena. Kama marekebisho ni makubwa likiwa taratibu halafu yanashuka nikikanyaga, kuna hewa inapenya mahali, kwa sababu tundu lilelile ni kubwa kwa injini inayovuta kidogo na ni dogo kwa injini inayovuta sana. Kama yanapanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, naelekea kwenye mafuta au kwenye sensa ya hewa. Hapo sijashika spana hata moja, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Sasa tuseme nimekuta klipu ya mpira imelegea. Nakaza. Gari limepona. Nikimwambia mteja elfu thelathini ananitazama kama nimemwibia: "Kukaza klipu?" Mteja huyohuyo, ningemfungia sensa ya laki na ushee ambayo haikuhitajika, angelipa na kuniomba risiti. Na ile taa ingerudi baada ya siku chache, tungetafuta kingine cha kubadilisha.

Wenye magari, hamkwepi ada ya kupima kwa kuikataa. Mnailipia kwenye spea. Fundi ana kodi ya eneo, ana vijana wa kuwalipa, ana watoto; usipomlipa kwa kutafuta, ataweka cha juu kwenye kila kinachotoka dukani. Na fundi anayeishi kwa cha juu hawezi kufurahia kukuta klipu imelegea. Anahitaji kitu kife. Wapo waaminifu wanaojibana, nawajua, lakini huwezi kujenga kazi nzima juu ya imani ya mtu asiye na nauli. Mimi nimeamua kutoza kupima peke yake, naandika kwenye karatasi kabla ya kufungua boneti, na ada hiyo siikati hata ukinipa kazi yenyewe. Wenzangu wengine hukata. Nikikata, nitakuwa nimekubali kwamba kutafuta ni chambo tu cha kupatia kazi ya kufungua.

Uganga wa kubahatisha unaonekana zaidi kwenye magari yanayochemsha. Nikifungua, mara nyingi nakuta themostati haipo. Kuna fundi maiko, yaani fundi wa kubahatisha, aliitoa zamani, akamwambia mwenyewe kwamba "nchi yetu ya joto, hicho kidude ni cha Wajapani na baridi yao". Hadithi hii imeenea mpaka watu wasomi wanaisema. Themostati kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuibakiza hapo. Dar ikiwa na nyuzi 32, bado kuna nyuzi 50 za kupanda. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote kwenye rejeta, na ukiwa barabara kuu na upepo injini inabaki baridi. Kompyuta ikiona baridi inazidisha mafuta. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyochuruzika humo. Gia boksi ya otomatiki inaweza kugoma kuingiza gia ya mwisho. Halafu mwenye gari analalamika kwamba IST inakunywa kama Land Cruiser.

Na ugonjwa uliosababisha kuchemsha uko palepale, umefichwa tu.

Kwa kuchemsha, maswali yana thamani kuliko mashine. Linachemsha kwenye foleni ya Ubungo lakini likipata mwendo linatulia? Natazama feni kwanza: mota yake, rilei, fyuzi, sensa inayoiwasha. Linachemsha likiwa kwenye mwendo au ukipandisha Kitonga na mzigo? Hapo feni si mshukiwa wa kwanza, upepo upo. Natazama rejeta iliyoziba, pampu ya maji, mzunguko wenyewe. Maji yanapungua na chini hakuna tone? Napima gasketi ya silinda hedi. Kabla ya yote hayo nautazama mfuniko wa rejeta, kitu ambacho watu hununua cha bei ya chini kabisa. Mfuniko mzima unabana mfumo kwa karibu bar moja, na kwa mbano huo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali yanakaribia 120. Springi yake ikichoka, umepoteza nyuzi hizo zote bila kitu kingine kuharibika.

Maji yenyewe ni habari nyingine. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na watu wanajaza rejeta maji hayohayo wanayooshea gari. Silinda hedi ni ya aluminiamu, rejeta ni ya aluminiamu. Nimefungua hedi ambazo njia za maji zimelika mpaka gasketi haina pa kukaa. Kulanti bei yake inauma, najua, lakini inazuia kutu na kuliwa huko. Haikuwekwa kwa ajili ya rangi.

Tukiwa kwenye maji: masika. Bonde la Jangwani likijaa maji, wapo wanaopita. Gari linazimikia katikati, mtu anapiga stata mara tatu nne, haliwaki, linavutwa hadi kwangu, na maelezo ninayopewa ni "lilizima lenyewe tu, fundi". Nafungua boksi la filta ya hewa, filta imelowa na majani yamo ndani. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda na pistoni ikipanda, kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoisukuma pistoni, na mara nyingi kinachomalizia kazi ni kule kupiga stata tena. Ukiniambia limepita majini, nachomoa plagi kwanza na kuzungusha injini kwa mkono ili maji yatoke. Ukinificha, nami nitapiga stata. Sikuulizi ili nikucheke. Hata mimi nyumbani kwangu masika hapafikiki.

Kuna kingine mnachoficha: fundi aliyetangulia. Gari linaletwa kama bikira, nikitoa kava la chini ya dashibodi nakutana na waya tatu zimesokotwa pamoja na kufungwa nailoni. Semeni tu. Mafundi tunasemana kila siku, hamtaanzisha vita mpya. Nikijua nani aligusa nini na lini, naanza kutafuta hapo, na saa mbili za gharama zako zimeokolewa.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayomnyima fundi usingizi. Gari linazima njiani, likifika gereji linawaka kama jipya. Mteja anasisitiza, mimi sioni kitu. Mara nyingi ni umeme, na kwenye umeme mara nyingi ni mahali waya unapokutana na chuma. Betri mpya imeshanunuliwa, haikusaidia. Nachukua mita: betri iliyojaa na kutulia isome karibu volti 12.6, injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Kisha naweka ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini wakati kijana anapiga stata. Ikipita volti 0.2 kwa mbali, waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini, umeoza kwenye boliti yake. Kukwangua kutu na kukaza ni dakika chache. Ndiyo, tunarudi kwenye ule ugomvi wa klipu.

Spea feki zimeharibu hata namna ya kufikiri. Zamani ukifunga kitu kipya ulikuwa umekitoa kwenye orodha ya washukiwa. Sasa plagi zilizo kwenye boksi lenye jina kubwa zinaweza kuwa mbovu tangu siku ya kutengenezwa, nami nimeshasema "plagi ni mpya, tutafute kwingine". Kwa hiyo kabla ya kumtuma mtu dukani, naazima kutoka kwenye gari lenyewe. IST au Vitz inamisi, yaani silinda haiunguzi vizuri, mashine inasema P0301, yaani silinda ya kwanza. Kila silinda ina koili yake ya kuipa plagi umeme, iliyoshikwa na boliti moja ya namba 10 (spana ambayo katika gereji nzima haionekani ikihitajika). Nahamisha koili ya kwanza kwenda ya pili. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, koili haina kosa, naangalia plagi, nozeli na mgandamizo. Hakuna shilingi iliyotumika.

Kuna jamaa wanapita gereji kutafuta masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Wanajua humo kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanawaambia wenye magari kwamba ukiyatoa gari linakuwa jepesi. Miezi inapita, taa inawaka na P0420, yaani moshi hausafishwi inavyotakiwa, mteja ananiuliza nizime taa. Naweza kufuta namba, itarudi. Mafundi wengine wanachomoa taa yenyewe kwenye dashibodi, hasa gari likielekea kuuzwa. Ukienda kununua gari, washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, uliza kwa nini.

Mengine ni ya kila siku na sitayarefusha. Boda analeta bushi za gari lingine kwa sababu duka liliambiwa "ya Noah" bila namba ya chesi. Simu zinapigwa, "Fundi, vipi, tayari?", na kila simu ni kutoka chini ya gari, kufuta mikono na kurudi nikiwa nimesahau boliti gani nilishakaza. Jua la saa saba juu ya bati. Wanaochukua gari Ijumaa jioni na kuahidi kumalizia Jumatatu.

Ukiamua kuniletea gari lenye taa, naomba jambo moja: usichomoe betri ili taa izime, wala usimruhusu mtu afute namba kwanza. Kompyuta inapoandika hitilafu huhifadhi pia hali ya gari wakati ule, yaani mwendo, joto la injini, mizunguko na mzigo. Taarifa hiyo inanionyesha kama ilitokea asubuhi injini ikiwa baridi au mwendo wa 80 ukitoka Kibaha. Ukifuta, tutalazimika kuendesha hadi itokee tena, na mafuta ya kuzungukia ni yako. Na injini usiipeleke kuoshwa siku moja kabla. Alama za mvujo nazihitaji.