Kutoka majina ya ubaoni hadi faida: jinsi ninavyokadiria mauzo ya gemu za kupakua

Nikiulizwa gemu fulani ya konsoli imeuza nakala ngapi, nami huuliza kwanza: unataka kujua wangapi wameicheza, wangapi wameinunua, au kama walioitengeneza wameambulia chochote? Ni maswali matatu tofauti, na majibu yake yanaweza kupishana vibaya. Makadirio mengi yanayosambaa mtandaoni hulijibu la kwanza, kisha huandikwa kana kwamba yamelijibu la tatu.

Enzi ya diski hesabu ilikuwa na pa kushika. Nchini Marekani kampuni ya NPD ilikusanya takwimu za mauzo kutoka madukani, na waandishi walizipata. Gemu ya kupakua huuzwa katika duka la mwenye konsoli, na mwenye duka hana sababu ya kumwonyesha mtu daftari lake. Kwa hiyo sisi tunaokadiria hutafuta dalili ambazo mauzo huziacha nyuma bila mtu kukusudia.

Dalili bora kuliko zote ilikuwa ubao wa alama za wachezaji wa Xbox Live Arcade, huduma ya gemu za kupakua kwenye konsoli za Microsoft. Xbox 360 ilipotoka Novemba 2005, gemu za huduma hiyo zilikuja na mambo mawili yaliyotufaa sana: toleo la majaribio la bure, na ubao wa mtandaoni wa kushindania alama. Aliyekuwa kwenye majaribio hakuweza kupandisha alama zake. Ilimbidi alipie kwanza. Basi ukishuka hadi mwisho wa ubao, ukasoma nafasi ya mtu wa mwisho, ulikuwa na idadi ya watu waliofungua gemu kamili wakiwa mtandaoni. Ukirudi wiki ijayo saa ileile, tofauti ya namba hizo mbili ni wachezaji wapya wa wiki hiyo.

Lakini ni wachezaji, si wanunuzi. Leseni kwenye Xbox 360 ilifungwa kwa akaunti ya aliyenunua na pia kwa konsoli aliyonunulia. Ndugu watatu wanaotumia konsoli moja, kila mmoja na akaunti yake, wote huingia ubaoni kwa malipo ya mtu mmoja. Wamo pia waandishi waliopewa nakala za bure. Upande wa pili wako walionunua wasiunganishe intaneti, na walionunua wakaiacha kabla ya kufika hatua inayorekodi alama. Kwa hiyo mimi huchagua ubao wa sehemu ambayo kila mchezaji lazima aipitie mapema. Ubao wa mashindano ya wachezaji wengi hupunguza hesabu mno. Ubao wa hatua ya kwanza hukaribia ukweli. Hata hivyo siandiki namba moja. Nikikuta majina 60,000, naandika kati ya 50,000 na 70,000, na sioni haya.

Dalili nyingine huja zikapotea. Mwaka 2018, upande wa kompyuta, Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, ilikuwa ikitoa asilimia za beji, yaani ni sehemu gani ya wachezaji waliopata kila tuzo ya ndani ya gemu, zikiwa na tarakimu nyingi baada ya nukta. Hilo linaonekana dogo, lakini litazame kwa karibu. Beji moja ikiwa na asilimia 14.2857142857, hiyo ni sehemu moja ya saba, kwa hiyo idadi ya wachezaji lazima igawanyike kwa saba. Beji ya pili ikiwa 33.3333333333, lazima igawanyike kwa tatu pia, yaani kwa 21. Beji ishirini za aina hiyo hubana hesabu mpaka inabaki namba moja tu inayoingia akilini. Watu walipogundua, Valve ikaanza kukata tarakimu. Desemba mwaka huohuo Sony iliwapa wachezaji wa PS4 video ya kumbukumbu zao, ikitaja ni watu wangapi waliopata kikombe fulani, yaani tuzo ya ndani ya gemu kwenye PlayStation. Asilimia ya kikombe hicho ilikuwa wazi kwa umma. Gawanya idadi kwa asilimia, na idadi ya wachezaji wa gemu nzima iko mezani.

Hata hivyo, hitilafu kubwa katika kazi hii haiko kwenye idadi ya nakala. Iko kwenye bei. Watu huchukua majina ya ubaoni, wakayazidisha kwa bei ya siku ya kwanza, kisha wakatangaza kwamba studio imetajirika. Zidisho hilo ndilo linalonikera kuliko lolote, kwa sababu kuna vijana wanaoacha kazi zao kwa kuliamini.

Tuchukue gemu ya kufikirika. Bei yake ni dola 15, ambazo wakati wa Microsoft Points, pointi zilizotumika kama fedha katika duka la Xbox, zilikuwa pointi 1200, maana pointi 80 zilikuwa dola moja. Majina ni 60,000. Zidisho la haraka linatoa dola 900,000.

Sasa tuitembeze fedha hiyo. Wanaolipa bei kamili ni wale wa wiki za mwanzo. Baadaye huja mapunguzo, na katika wiki ya punguzo mstari wa mauzo hupanda ghafla kisha ukalala tena. Tuseme wastani ni dola 10 kwa nakala: 600,000. Katika nchi za Ulaya bei ya dukani ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, na sehemu nyingine bei huwa ya chini tangu mwanzo. Tutoe asilimia kumi kwa hayo: 540,000. Mwenye duka anachukua asilimia 30, kiwango kilichozoeleka: 378,000.

Ikiwa watengenezaji ni watu wawili waliofanya kazi miezi 18, kila mmoja akigharimu dola 5,000 kwa mwezi, gharama ni 180,000, na wamebaki na 198,000. Wana fedha ya kuanzia gemu ya pili. Lakini wakiwa watano kwa miezi 24, gharama ni 600,000. Tuseme mchapishaji aliwatangulizia 200,000 na 400,000 wamezitoa wenyewe. Mchapishaji hurudisha zake kwanza, zinabaki 178,000. Wakigawana nusu kwa nusu, studio inapata 89,000. Wamepoteza zaidi ya dola 300,000 kwa gemu ambayo ubaoni ilionekana imefanya vizuri. Majina ni yaleyale 60,000.

Ndiyo maana nikitaka kujua faida, sehemu kubwa ya muda wangu huenda kwenye orodha ya majina inayopita gemu ikiisha. Nahesabu walioajiriwa, natenga waliopewa kazi ndogo za nje, natafuta gemu ilitangazwa lini na studio ilitoa nini kabla yake. Jonathan Blow alisema wazi kwamba Braid, iliyotoka mwaka 2008, ilimgharimu karibu dola 200,000. Gemu iliyotengenezwa na timu ndogo hivyo na kuuzwa pointi 1200 haihitaji mauzo ya kutisha ili irudishe gharama. Watu wachache hutoa namba kama hiyo hadharani, nami nawashukuru kwa dhati.

Yapo pia masharti ya duka yasiyoonekana ubaoni. Kwenye WiiWare, huduma ya gemu za kupakua kwenye konsoli ya Wii, Nintendo haikumlipa mtengenezaji mpaka gemu ivuke kiwango fulani cha mauzo, sharti lililokuja kuondolewa kwenye eShop, duka la konsoli iliyofuata ya Wii U. Gemu iliyoishia chini ya mstari huo iliingiza sifuri, hata kama maelfu waliilipia. Kwenye Xbox 360 masasisho ya baadaye yalilipiwa: mwaka 2012 Polytron, watengenezaji wa Fez, waliacha sasisho lenye kasoro libaki kwa sababu jipya lingewagharimu makumi ya maelfu ya dola. Microsoft iliifuta ada hiyo mwaka uliofuata.

Na sasa kuna usajili, yaani mchezaji hulipa ada ya muda na kucheza gemu nyingi bila kuzinunua mojamoja. PlayStation Plus ya Sony ilianza 2010, Game Pass ya Microsoft 2017, na gemu ikiingia humo ubao hujaa watu ambao hawakuinunua. Malipo ya studio yako ndani ya mkataba, pengine kiasi kimoja kilicholipwa mapema. Nikisoma ubao siku moja kabla gemu haijaingia kwenye usajili, hesabu ina maana. Baada ya hapo naitaja idadi ya wachezaji tu, na safu ya mapato naiacha wazi. Huijaza pale tu studio au mchapishaji wake anapouza hisa kwa umma, kama 11 bit studios huko Warsaw au Everplay, kampuni mama ya Team17, huko London, kwa sababu hao hulazimika kutoa taarifa za fedha kila mwaka. Humo natafuta kwanza gharama za utengenezaji zilizofutwa kwenye vitabu, kisha ndipo natazama mauzo.