Madai ya kuaminika ni yapi?

Mteule wa cheo cha umma akitangazwa, kisha mwanamke akajitokeza kusema mtu huyo aliwahi kumdhulumu kingono, mabaraza ya Mkunguni hapa Lamu hugawanyika mara moja. Huyu atasema, "Mbona hajafungwa?" Yule atajibu, "Mwanamke gani ajiaibishe bure?" Hakuna hata mmoja aliyeyapima madai yenyewe.

Madai ya kuaminika ni yale ambayo, yakichunguzwa, mtu mwenye busara huona huenda ni kweli. Hayajathibitishwa kama kesi, lakini si uvumi tena. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, kwa kuwa anaweza kupoteza uhuru wake. Mteule hafungwi. Anaomba dhamana ya umma, na Sura ya Sita ya Katiba hiyo inamtaka awe mwadilifu. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2011 ya kuwapiga msasa wateule inamruhusu mtu yeyote kumpelekea karani wa Bunge maelezo ya kiapo ya kumpinga mteule.

Marekani, mwaka 2018, Christine Blasey Ford aliapa mbele ya kamati ya Seneti kwamba Brett Kavanaugh, mteule wa Mahakama ya Juu, alimshambulia kwenye hafla walipokuwa wanafunzi wa sekondari. Kavanaugh naye aliapa kuwa si kweli. Waliomwamini Ford walisema alikuwa amemsimulia mtaalamu wa ushauri nasaha tangu 2012, kabla ya uteuzi huo. Waliomshuku walisema watu aliowataja kuwapo hawakuikumbuka hafla hiyo. Seneti ilimwidhinisha Kavanaugh kwa kura 50 dhidi ya 48. Kura hiyo ilimpa kazi; haikuamua nani alisema kweli.

Basi tupime nini? Kama kiini cha maelezo hakibadiliki. Kama kuna aliyeambiwa zamani, kabla ya cheo kutajwa. Kama mahali na wakati vinaoana na yanayojulikana. Jibu la mteule lipimwe vivyo hivyo.

Kuchelewa kusema, ambako wengi hukushikilia sana, kuna uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Huku kwetu msichana huambiwa astirike. Wazee hukutana, yakamalizwa nyumbani, naye hunyamaza miaka kwa kuhofia ndoa yake na jina la babake. Kumgeuzia kimya hicho kuwa ushahidi wa uongo ni kumdhulumu mara ya pili.

Na wanaouliza "shahidi yuko wapi?" wajue kwamba hata katika kesi ya jinai ya dhuluma za kingono, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamishi peke yake, mradi iridhike kuwa anasema kweli na iandike sababu zake.

Sababu hizo ndizo ninazozitaka kwa wanaompiga mteule msasa. Wampe madai kwa maandishi, wamsikilize yeye na mlalamishi, kisha waeleze wazi wameamini lipi na kwa nini.